Hesabu za Lufingo Nilizokataa Kuzisaini

Sogea karibu, mwanangu, maana swali lako si la kujibiwa kwa kupaza sauti. Umeniuliza kama CPA, ile ya uhasibu, ina faida kwa mtu ambaye tayari ana kazi, ana ndoa, ana mtoto mchanga na shamba linalomngoja kila Jumamosi. Nikutoe wasiwasi kwanza: ina faida. Imenilisha, imenisomeshea watoto, imeniketisha kwenye viti ambavyo binti wa mkulima wa ndizi kutoka Lupepo hakuwa amewekewa na mtu. Lakini kila nikiulizwa swali hili nasikia aibu, na nikiwa peke yangu naiita hatia. Nitakueleza inatoka wapi, taratibu, ili uichukue faida uniachie hatia yangu.

Tuanze na cheti chenyewe, maana wengi hawakielewi. Stashahada ya uhasibu inasema kwamba umesoma. CPA, ukishasajiliwa na bodi ya wahasibu na baadaye ukapewa kibali cha kukagua, inasema jambo jingine: kwamba mtu asiyekujua, aliye mbali, anaweza kuitegemea sahihi yako. Stashahada ni yako mpaka kufa. Kibali ni cha kuazimwa. Ukikitumia vibaya wanakuja kukichukua.

Miaka ile soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda Rungwe na malori yao, wakasimama kando ya barabara na mizani zao. Mkulima alipima kahawa yake nyumbani, akifika barabarani uzito umepungua, kana kwamba kahawa imekonda njiani. Kila mtu alitamani kitu kimoja tu, mizani isiyo ya mnunuzi wala ya mkulima. Sasa, mkaguzi wa hesabu ndiye mizani hiyo. Akiwa wa upande mmoja, hata akipima sawasawa, hakuna atakayemwamini. Shika hapo, maana ndipo yote yalipotokea.

Wakati huo nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja ya serikali pale Tukuyu. Zamani mtu akiingia ofisi kama ile alijua atatoka siku ya kustaafu. Kisha zikaja barua za kupunguzwa kazi. Aliyekaa meza ya jirani na yangu, mwanamke aliyenifundisha kila kitu tangu kufunga mwezi mpaka kubembeleza mashine ya kujumlisha iliyokuwa ikikwama, alipata barua. Mimi sikupata. Nilipouliza sababu, mkubwa wa ofisi alisema, "Wewe unasoma mitihani ya bodi. Tukikuondoa wewe, tutaajiri nani?" Nilikuwa sijafaulu hata karatasi moja. Kule kujiandikisha tu kulikuwa kumeniokoa. Jioni nilimsindikiza mwenzangu hadi njia panda tukiwa chini ya mwavuli mmoja.

Usidhani nilisoma kwa nguvu zangu. Tulipanga nyumba Ibighi, hapo hapo Tukuyu, mume wangu akifundisha sekondari. Mwanetu wa kwanza alikuwa hajaanza kutembea. Mama mkwe alishuka kutoka Lufingo, kijijini kwao, na kikapu cha ndizi mbichi, akaniambia, "Nipe huyo mtoto, wewe nenda kwenye makaratasi yako." Akakaa nasi mpaka mtoto akawa anamwita yeye mama na mimi ananiita kama watu wa ofisini walivyoniita. Alipika, alifua, alimpakata mtoto, na akimwona mume wangu ananijia na jambo la nyumbani alimgeuza mlangoni. "Huyo yuko shuleni," alimwambia. "Njoo kwangu."

Ada ya mitihani ilitoka kwa baba mkwe. Nilijua siku mama mkwe aliponiletea fedha zikiwa zimefungwa kwenye pindo la khanga, akasema bila kunitazama, "Baba yenu ameuza yule mwekundu." Yule mwekundu alikuwa ng'ombe wao wa maziwa.

Hapa sina budi kukueleza mila yetu, kwa kuwa wewe si wa huku. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, haongei naye, hakai naye nyumba moja, hata jina lake halitamki. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizonazo, na miaka ile wazee wa Lufingo waliishika bado, hata waliokuwa wazee wa kanisa. Nikiwa njiani nikamsikia anakuja, nilitoka njiani nikaingia migombani, nikajifunika khanga nikatazama upande mwingine mpaka apite. Naye, kwa kunisaidia, alikohoa kabla ya kila kona. Alikohoa hata siku ambazo mimi niko Tukuyu. Mama mkwe alikuwa akisema mzee huyu atakuja kuugua kifua kwa ajili ya heshima.

Basi mtu aliyenilipia mitihani nilikuwa sijawahi kubadilishana naye neno moja. Lakini alipata njia. Akija Ibighi kumwona mjukuu, alikaa nje ukutani, chini ya dirisha la chumba nilichosomea, akaongea na kuku.

"Ninyi kuku wa mjini ni wavivu," aliwaambia. "Mchana mnasinzia. Mtu anayetaka kufaulu anasinzia mchana?"

Mama mkwe alijibu kwa niaba ya kuku. "Wamechoka, waache."

"Nawaambia tu. Sijamtaja mtu."

Ndani huko nilicheka nikiwa nimeziba mdomo na kitabu.

Mara ya kwanza nilifeli baadhi ya karatasi. Nakwambia hili kwa makusudi, kwa sababu utafeli na wewe, au nusura, na utadhani umeumbwa vibaya. Hujaumbwa vibaya. Mitihani ile imetengenezwa kupima kama utarudi. Wiki ile baba mkwe alikuja akakaa pale pale ukutani. Kuku hakuwasema. Alimwambia mkewe, kwa sauti ya kunifikia, kwamba amekuwa akiitazama kahawa yake, na mti mmoja una nyekundu na mbichi pamoja, na yeye huchuma zilizoiva akaenda, kisha akarudi kwa zilizobaki. "Sijawahi kukata mti kwa sababu ya mbichi," alisema. Nikarudi kwa zilizobaki. Nikafaulu.

Faida zikaanza kunifuata mara moja. Mkaguzi mmoja mzee wa Mbeya, mtu wa Tanga aliyeletwa kwetu na kazi akazoea baridi, alinichukua nifanye naye kazi. Mshahara wangu ulizidi wa mume wangu, jambo tuliloliongelea mara moja tu, kwa upole, tukalifunga. Baada ya miaka ya kushika mafaili yake nilipewa kibali cha kusaini mwenyewe, nikarudi Tukuyu kufungua chumba changu kidogo cha kazi, wa kwanza mwenye kibali kuweka meza hapo, wanavyosema watu. Baba mkwe alipopata habari hizo, nilisimuliwa, alivaa koti lake la kanisani siku ya kazi akaenda kuzunguka kilabuni na dukani bila kununua kitu.

Yeye alikuwa mwekahazina wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa wa Lufingo. Chama kilikuwa na ghala la matofali na bati, mizani nzuri, na mashine ya kumenya kahawa. Huko nyuma kilikusanya kahawa ya wanachama kikaipeleka kwenye chama kikuu, na chama kikuu kililipa kwa kuchelewa. Soko lilipofunguliwa chama kikuu kikaanguka, na wanachama wakawa wanakimbilia malori ya barabarani. Ndipo benki moja ikasema iko tayari kuwakopesha wa Lufingo wanunue kahawa yao wenyewe kwa fedha taslimu msimu huo, waikusanye, waiuze kwa pamoja kwa bei ya maana. Sharti ni hesabu zilizokaguliwa na mtu mwenye kibali, zifike benki kabla ya mavuno. Zisipofika hakuna mkopo, na ghala litapangishwa kwa mnunuzi mmoja wa malori aliyekuwa anasubiri. Kwa baba mkwe hilo lilikuwa jambo la maisha yake. Alikuwa miongoni mwa waliobeba yale matofali kichwani.

Mwenyekiti wa chama alikuja kwangu Ibighi alasiri moja ya mvua, na koti la plastiki linalochuruzika. Alikuwa mzee mfupi mwenye maneno.

"Mama mkaguzi," alisema, "nimekuja kukuletea kazi, na chai sitaki, labda ukinilazimisha."

Nikamlazimisha. Akaeleza habari za benki, nami nikamsikiliza nikijua anakokwenda.

"Mzee wangu, mwekahazina wenu ni baba mkwe wangu."

"Hilo ndilo tulilolipendea," alisema. "Kikao kizima kilikaa. Tulitafuta mtu ambaye mwekahazina hawezi kumnong'oneza. Mwanawe angemwonea huruma. Ndugu yake wangekaa kilabuni wakayamaliza. Jirani yake wana ugomvi wa mpaka. Ila mkwe? Mkwe hata kivuli chake anakikimbia. Yupo mtu aliye mbali naye kuliko wewe?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Kwa hesabu za kwetu alikuwa sahihi kabisa. Nisiyezungumza na mtu, nisiyemwangalia, nisiyeweza kupokea kitu mkononi mwake, nani anihonge? Wangezunguka Tanzania nzima wasipate mkaguzi aliye huru na mwekahazina kama mimi.

"Bodi haioni hivyo," nilimwambia. "Kwa bodi, mke wa mwanawe ni mtu wa nyumbani mwake."

"Hiyo bodi iko Dar es Salaam?"

"Iko Dar es Salaam."

"Wanajua mkwe ni nini?"

"Wanajua wa kwao."

"Basi waandikie. Waeleze pole pole, wewe unajua kueleza. Waambie sisi huku mkwe ni kama mtu wa serikali."

Nikamwomba anipe siku chache. Nikamwuliza pia kama wametafuta mkaguzi mwingine. Akanishangaa. Mkaguzi mmoja aliwahi kuwaandikia mapema mwaka ule kuomba kazi hiyo, na wao wakamjibu kwa heshima kwamba wana wa kwao. Walikuwa wamenihesabu tangu siku nilipofaulu. Baba mkwe aliwaambia kikaoni: tulieni, wetu yuko.

Nilipanda gari kwenda Mbeya kwa yule mzee wa Tanga. Nilimweleza yote, na mila yetu, na kuku, maana alipenda habari za kuku. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Anakukimbia yeye, au unamkimbia wewe?"

"Tunakimbiana."

"Na mkaguzi kazi yake nini? Si kukaa mbele ya mwekahazina umwulize, baba, hii stakabadhi iko wapi? Utamtuma kuku akamwulize?" Kisha akaacha mzaha. "Ada yako ya mtihani alilipa nani?"

Nilitazama miwani yake mezani.

"Basi umekwisha kujijibu, binti."

Nikamwomba aichukue yeye kazi ile. Akanionyesha rafu. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja moja na kila mnunuzi anataka hesabu, mafaili yake yalikuwa yamefika chini ya dirisha. Baada ya msimu angeweza. Wa pili niliyemwendea aliniambia hivyo hivyo, na yule aliyewaandikia mwanzoni alikuwa amekwisha kukubali kazi Iringa. Nilishuka kurudi Tukuyu katika ukungu nikiwa nimekaa kiti cha nyuma, nikijaribu kutafuta namna ya kuliweka jambo hili likasikika dogo.

Ningeweza kuandika barua tu. Nilimwandikia mwenyekiti, lakini niliona barua haitoshi kwa mtu aliyeuza ng'ombe. Nikaenda Lufingo. Mama mkwe alikuwa jikoni, akipika mbalaga, ndizi zetu zile za kuchanganya na nyama. Nikakaa kwenye kigoda ndani. Baba mkwe alikuwa nje, upande wa pili wa ukuta wa mianzi, sauti yake karibu kiasi kwamba nilisikia akijikuna ndevu. Mama mkwe akajiweka mlangoni, kama ilivyo desturi, awe njia ya maneno, ingawa sote tulisikiana vizuri.

"Muulize aliyekuja," alisema mzee, "kama njiani kuna utelezi."

"Anauliza utelezi," mama mkwe akaniambia.

"Mwambie baba upo, lakini nimefika salama."

"Amefika salama."

"Ndaga, asante. Sasa muulize kama vitabu vyangu vina doa."

"Mwambie baba sijaviona."

"Akiviona, ataviona vibaya?"

"Mwambie baba sidhani. Mwambie hata vikiwa safi kama maji, sina ruhusa. Mtu wa familia haruhusiwi. Wakigundua watanivua kibali, na zile hesabu benki itazitupa, na mtakuwa hamna mkopo na mimi sina kazi."

Mama mkwe alianza kulipitisha hilo, akalipunguza njiani. "Anasema hawaruhusu."

Nilisikia mvua ikianza kwenye majani ya migomba. Kisha mzee akauliza, na hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa kama mtu anayetaka kuelewa kanuni:

"Muulize, kile cheti tulichokitafuta sote. Kinamkataza kufanya kazi kwa kila mtu, au kwetu tu?"

Mama mkwe alinitazama. Alikuwa anatumaini nitakuwa na jibu la tatu.

"Mwambie baba," nilisema, "kwetu tu."

Hakulipitisha. Halikuhitaji kupitishwa. Alinigeuzia mgongo akakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Baada ya muda, ng'ambo ya mianzi, mzee alisema, "Mpe ale kabla mvua haijazidi," kisha nikasikia fimbo yake ikielekea shambani.

Nilikula. Kila tonge lilikuwa zito, lakini nilikula, kwa sababu kuacha kungekuwa neno jingine la kumwambia.

Msimu ulianza bila mkopo. Wanachama wakauza barabarani kila mtu na lake, na ghala likapangishwa kwa yule mnunuzi wa malori pamoja na mizani. Chama hakikufa, kilibaki na kikao cha mara moja moja na mwekahazina asiye na hazina. Mume wangu hakunilaumu. Alisema, "Ulifanya unachotakiwa," akatoka kwenda kusahihisha madaftari, na siku kadhaa alikuwa na madaftari mengi kuliko kawaida.

Unaniuliza faida. Sikiliza faida ilivyokuja. Habari kwamba mkaguzi wa Tukuyu amemkatalia baba wa mumewe ilienea kuliko tangazo lolote ambalo ningelipia. Mtu alinisimamisha sokoni akaniambia hajui kama nina roho mbaya au nzuri, ila kampuni ya kaka yake inatafuta mtu wa namna hiyo. Kazi zikaja kutoka Kyela, kutoka Mbeya, kutoka kwenye mashamba ya chai. Na siku moja akaja meneja wa yule mnunuzi wa kahawa, kijana wa mjini mwenye viatu visivyofaa matope yetu.

"Nimesikia habari zako," alisema. "Aliyemkatalia mkwe, na mimi atanikatalia. Benki zetu zinapenda hivyo."

Nilikubali kazi yake. Hakukuwa na kanuni ya kunizuia, huyu hakuwa ndugu yangu. Hiyo ndiyo kazi iliyonijengea nyumba.

Kukagua kampuni ya kahawa maana yake ni kwenda ghalani kuhesabu magunia. Kwa hiyo nilijikuta siku moja ndani ya ghala la Lufingo, na karani wa kampuni, tukipanda na kushuka kati ya marundo, nikasikia kikohozi mlangoni. Sikufikiri. Niliingia nyuma ya magunia nikajifunika khanga, kalamu bado mkononi. Karani alinikodolea macho asijue kama nimeona nyoka.

Baba mkwe alikuwa ameleta kahawa yake. Kama kila mtu, hakuwa na pengine pa kuuzia. Alikohoa kwa mazoea, hakujua kuwa nimo.

"Karibu, mwekahazina," karani alimtania alipomwendea. "Leo umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuuza."

"Basi weka juu. Mizani hii unaijua?"

"Naijua," alisema mzee. "Niliinunua mimi."

Karani alicheka, na mzee naye akacheka kidogo, kwa adabu. Alipimiwa, akalipwa, akaondoka. Mimi nilibaki nyuma ya magunia kwa muda mrefu kuliko heshima inavyodai. Kama ningekuwa mtu wa kabila jingine ningeweza kutoka, nikamshika mikono, nikamwomba anisamehe. Mila ilininyima hata hilo. Na nilipotulia nikagundua kwamba nilikuwa naishukuru kidogo kwa kuninyima, na hapo hatia ikazidi.

Hesabu za kampuni zilikuwa safi. Nilizisaini.

Mwaka ule nilimpa mume wangu fedha za bati za nyumba ya wazazi wake, kwa kuwa nyasi zilikuwa zinavuja juu ya kitanda cha mama. Nilimwomba aseme zinatoka kwake. Mzee alimwuliza moja kwa moja, "Ni za mkeo?" Mume wangu hajui kudanganya, akasema ndiyo. Mzee aliangalia paa lake. "Bati halina kosa," alisema. "Leta misumari."

Mzee ameshafariki. Hatukuwahi kusemeshana.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na bado naamini nilikuwa sahihi kukataa. Ningesaini, ningekuwa nimeipa benki mizani ya upande mmoja, na mara ya pili ingekuwa rahisi, na ya tatu nisingeiona. Sijutii sahihi ile ambayo sikuiweka. Ninachokijutia kilitangulia mbali. Siku zile za kusoma, kanuni ile ya kutokagua ndugu ilikuwa kwenye sura za mwanzo za kitabu. Niliikariri, nikaijibu kwenye mtihani, nikapewa alama. Chini ya dirisha langu alikaa mtu aliyelipia karatasi ile, mwekahazina wa chama, akiongea na kuku, na sikuwahi kumwambia mama mkwe, kwa sentensi moja, kwamba nikifaulu sitaweza kuwakagua ninyi. Nilidhani ni mambo ya kitabuni. Wao walidhani wanajinunulia mkaguzi. Kama wangejua mapema wangempokea yule aliyewaandikia, na msimu ungewakuta na hesabu zao mezani benki.

Kwa hiyo usiache, mwanangu. Kichwa unacho, na umri haujakupita. Ukifeli karatasi, rudi. Ukipunguzwa kazi, cheti hicho kitakutafutia nyingine. Ila kabla hujalipa ada ya kujiandikisha, kaa na watu wa nyumbani kwako, wa kwenu na wa ukweni, na wewe mwenyewe uwaambie waziwazi ni kazi gani hutaweza kuwafanyia ukishafaulu. Waambie kwa lugha ya nyumbani. Kisha uwaulize kama bado wanataka kukusaidia, na ungoje wakujibu.